Neno Lisilofika Jikoni

Kabla ya mambo haya kutokea, Kornelia alijulikana mjini Ruangwa kwa jambo moja: hakusahau mtu anakula nini.

Alikuwa mhudumu wa mezani katika Hoteli ya Jiwe Jeusi, ile iliyofunguliwa wakati wageni wa madini ya kinywe, yale ya kutengenezea penseli na betri, walipoanza kumiminika. Mwenye hoteli anaishi Dar es Salaam, na alitaka mgahawa wake usifanane na mwingine wowote huku kusini. Meza zilitandikwa vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi, kila mgeni aliwekewa glasi mbili na uma mbili, na chakula kilikuja kwa zamu, sahani moja baada ya nyingine. Watu wa Ruangwa mwanzoni walikuja kushangaa. Mzee Jonasi, mnunuzi wa ufuta, siku yake ya kwanza alikunywa supu, akaona bakuli linaondolewa, akavaa kofia yake akaaga. Kornelia alimkimbilia mpaka mlangoni.

"Mzee, bado. Hiyo ilikuwa ya kufungulia tu."

"Kumbe! Nikasema hawa watu matajiri hivi wanashibaje?"

Akarudi, akala samaki, akala na embe lililokatwa kama ua, na tangu siku hiyo kila mwisho wa mwezi alikuwa pale na mkewe.

Kornelia aliwajua wote. Mhandisi wa mgodini hakutaka kitunguu kibichi. Mama wa benki alikunywa maji ya moto hata jua likiwaka vipi. Padri wa kigeni aliyepita mara moja kwa mwaka alipenda mkate ulioungua kidogo. Wahudumu wenzake walitembea na vijidaftari mfukoni. Yeye hakuwa nacho. Meneja, Bwana Modest, alikuwa akiwaonyesha wahudumu wapya: "Mwangalieni Dada Kone. Oda za meza tatu ziko kichwani." Na Kornelia, binti wa katekista wa Mnero, aliyezoea kuambiwa asijivune, alijivuna.

Jikoni alikuwepo Mzee Mikidadi, mtu wa Nanganga, aliyekwishapika katika hoteli za Mtwara na Dar kabla ya kurudi karibu na kwao. Kilichowarudisha wageni kilikuwa samaki wake wa mchuzi wa nazi. Menyu ilisema hivyo tu, mchuzi wa nazi. Jikoni wote walijua kwamba ndani ya lile tui Mikidadi alitia korosho changa alizozisaga mpaka zikawa laini kama uji wa mtoto. Wageni hawakuambiwa. Mmoja aliandika katika kitabu cha maoni: "Sijui mmeuwekea nini, na msiniambie."

Alasiri moja, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma ya jiko kupumzisha miguu, Mikidadi alimwambia Kornelia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu pale kazini.

"Sikio hili la kushoto limekufa, mwanangu. Mafuta yakianza kulia kwenye kikaango, upande huu sisikii kitu. Ukiwa na neno, njoo kulia kwangu. Na Modest asijue. Atasema nimezeeka."

"Sitasema, mzee."

Kweli hakusema. Kuanzia hapo kila alipoleta oda alipita kuliani kwa mzee, akamgusa bega, akaitaja, na Mikidadi akairudia neno kwa neno. Walifanya hivyo karibu miaka miwili bila kukosea hata mara moja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa Novemba, mchana. Minada ya korosho ilikuwa imeanza na mji ulikuwa na watu. Meza ya sita ilikuwa imewekwa kwa ajili ya familia mbili. Upande mmoja walikaa watu wa Nachingwea, Mzee Masoudi, mkulima wa korosho, na mkewe na ndugu. Upande wa pili wakwe watarajiwa waliotoka Dar es Salaam. Katikati yao alikaa Sabaha, binti wa Mzee Masoudi, na mchumba wake. Walikuwa watu kumi na mmoja, wamevaa vizuri, wakiongea kwa ile adabu ya watu wanaopimana.

Sabaha aliinuka kwenda kunawa. Akamkuta Kornelia kwenye ujia, akamsogelea karibu sana.

"Dada, samahani. Mimi korosho sili. Zikiniingia, koo linafura, nakosa pumzi kabisa."

"Korosho?" Kornelia hakuwahi kusikia ugonjwa wa namna hiyo kwa mtu wa kwao.

Sabaha akacheka kwa aibu. "Najua. Mtoto wa Masoudi hali korosho! Nyumbani wanajua. Lakini hawa ndiyo kwanza wananiona leo, sitaki waanze kuulizana nina maradhi gani. Mwambie tu mpishi, taratibu."

"Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu. Limefika."

Alisema limefika, na hapo alikuwa bado hajapiga hata hatua moja kuelekea jikoni. Alipoianza, Bwana Modest alimwita kutoka mapokezi. Wageni wanane wa mgodini walikuwa wameingia bila taarifa na walitaka meza ya dirishani, na meza ya dirishani ilikuwa na watu. Kornelia alikwenda. Aliwahamisha hawa, akawaketisha wale, akabadilisha kitambaa, glasi ikaanguka akaokota vipande, mmoja wa wageni akataka kujua kama kuku ni wa kienyeji. Alipoingia jikoni alikuwa na oda za meza tatu kichwani. Alipita kulia kwa Mzee Mikidadi, akamgusa bega.

"Dirishani, kuku wanane, wawili bila ngozi. Meza ya pili, supu mbili. Meza ya sita, samaki kumi na mmoja, mchuzi wako."

Mikidadi akairudia: "Kuku wanane, wawili bila ngozi. Supu mbili. Samaki kumi na mmoja, mchuzi wangu."

"Ndiyo hivyo, mzee."

Akatoka.

Samaki wa meza ya sita aliwapeleka mwenyewe. Alipoweka sahani mbele ya Sabaha, yule binti aliinua uso akamtazama. Macho yake yaliuliza. Kornelia alidhani anashukuru, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

Aliponisimulia habari hii, hapo ndipo alipokwama. Alisema angeweza kuyabeba yote mengine, lakini kile kichwa chake kilichoinama kusema ndiyo hakimwachi.

Sabaha alikula vijiko vitatu au vinne. Kwanza alikohoa, akanywa maji. Kisha akashika shingo. Midomo ilianza kuvimba, macho yakawa mekundu, na sauti ilipotoka ilikuwa kama mluzi. Mama mkwe mtarajiwa alipiga kelele kwamba mtoto amekwamwa na mwiba. Mzee Masoudi alisimama mpaka kiti kikaanguka nyuma yake.

"Wamempa korosho! Humu mna korosho!"

Kornelia alikuwa hatua tano kutoka pale na trei ya juisi mikononi. Aliposikia lile neno ndipo likamrudia lote, ujia, pumzi ya Sabaha sikioni mwake, mwambie mpishi taratibu. Hakuidondosha trei. Aliiweka chini polepole mno, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Wageni wa mgodini ndio waliotoa gari. Hospitalini Sabaha alichomwa sindano haraka, akawekewa dripu, na kufika alasiri alikuwa anapumua vizuri, ingawa sauti ilikuwa bado haijarudi. Kwa kidole aliandika kwenye simu ya baba yake: Nilimwambia dada wa mezani.

Mzee Masoudi akarudi hotelini na ile simu.

Bwana Modest aliwaita ofisini, Kornelia na Mikidadi. Mzee Masoudi alikuwa amekaa, simu mkononi, na hakuwa akifoka tena. Kornelia alisema laiti angefoka.

"Binti alikwambia?" Modest akauliza.

"Aliniambia."

"Na wewe?"

Kulikuwa na feni inayozunguka juu. Kornelia anakumbuka aliitazama. Alifikiri juu ya sifa yake, na mama yake Mnero anayewasimulia wanawake wenzake baada ya misa kwamba mwanawe anategemewa na hoteli nzima. Au pengine hakufikiri lolote. Neno lilitoka lenyewe.

"Nilimwambia mpishi."

Mikidadi alikuwa amesimama na ubavu wake wa kushoto kwao. Akageuza kichwa, akalileta sikio la kulia mbele.

"Unasemaje?"

Modest aliona alivyogeuza kichwa. Mzee Masoudi naye aliona.

"Anasema alikwambia," Modest akasema, sasa kwa sauti kubwa. "Kwamba binti hali korosho."

Mzee Mikidadi akamtazama Kornelia. Hakuwa na hasira. Alimtazama kama mtu anayeulizia njia.

"Uliniambia, mwanangu?"

"Nilikwambia, mzee."

"Ulisimama upande gani?"

"Kulikuwa na makelele. Sikumbuki."

Mikidadi alivua kofia yake ya kazi, akaishika kwa mikono miwili. "Basi ni mimi. Bwana Modest, sikio langu la kushoto halisikii. Nilikuficha. Na huenda hili jingine nalo limeanza. Binti huyu hajawahi kusahau kitu." Akamgeukia Mzee Masoudi. "Ndugu yangu, nusura nikuulie mtoto. Nisamehe."

Aliondoka alasiri ile ile, visu vyake vimefungwa ndani ya aproni. Kornelia alikuwa amesimama kwenye ngazi za nyuma analia. Mzee alipopita alimgusa bega.

"Usilie. Kazi yako uliifanya."

Mwezi wa kwanza Kornelia alipandishwa akawa msimamizi wa mgahawa. Modest alisema hoteli inahitaji mtu wa kutegemewa hasa baada ya lile tukio. Aliletwa mpishi mpya kutoka Dar, kijana hodari, na menyu mpya ikachapwa yenye kueleza kila kilichomo katika kila chakula. Wageni walisoma, wakala, wakasema kizuri. Mzee Jonasi alionja samaki, akaweka uma chini.

"Mpishi wetu yuko likizo?"

"Ameacha kazi, mzee."

"Kwa nini?"

"Umri," Kornelia akajibu, akaenda kwenye kabati la vyombo kuhesabu uma.

Alianza kuandika kila kitu. Alijaza daftari kwa wiki mbili, tatu. Mgeni akisema hataki chumvi nyingi, Kornelia aliandika, akamsomea mpishi, akarudi kumuuliza mgeni, akarudi tena jikoni kuangalia kwa macho. Wahudumu walimcheka chinichini. Usiku hakuwa na shida ya usingizi, alilala kama gogo. Ni mchana uliomshinda. Ni kila mara mgeni alipoinua macho kwenye sahani kumtazama.

Kabla ya Pasaka alikwenda kuungama Mnero. Alipiga magoti, akataja uvivu wa sala, hasira kwa mdogo wake, maneno ya kusengenya. Padri akasubiri. "Kuna lingine?" Akasema hakuna. Alitoka kanisani na dhambi mbili badala ya moja, na Jumapili ya Pasaka alibaki kwenye benchi wenzake walipopanga mstari wa komunyo. Mama yake alimwona, hakuuliza, lakini mezani alimpakulia wali akamtazama mpaka akala.

Mwezi wa sita, wakati wa ufuta, alikutana na Bi Fatu, mke wa Mikidadi, sokoni Ruangwa. Fatu hakuwa na kinyongo naye hata chembe, na hilo lilimtesa Kornelia kuliko matusi. Walishikana mikono, wakaulizana hali za nyumbani.

"Na mzee?"

"Aa, mzee." Fatu akatua kapu lake. "Nimetoka kumpeleka kupimwa masikio. La kushoto ndiyo lile tunalolijua. La kulia daktari amelipima mara mbili, anasema ni zima, kama la kijana. Lakini mwenyewe hakubali. Anasema kama ni zima mbona halikusikia siku ile?"

Kornelia aliliinamia lile kapu, akalisogeza kando ya njia.

"Hapiki tena," Fatu akaendelea. "Mwantumu wetu ameolewa mwezi wa nne. Watu wa kijiji wakamfuata, mzee, shughuli ya mwanao, tusimamie sufuria. Akakataa. Alikaa kwenye mkeka na wageni kama mtu asiyejua hata kuwasha moto. Hata mjukuu wake, mzee hataki kumshika mkono wakiwa kando ya barabara, anasema gari likija yeye hatalisikia. Ukimwambia jambo anataka ulirudie mara tatu. Wewe uliyekaa naye jikoni, hebu niambie, alikuwa hasikii kweli?"

"Alikuwa anasikia, mama," Kornelia akasema. "Alikuwa anasikia vizuri."

Fatu akatikisa kichwa, akaliinua kapu lake, wakaagana.

Jumatatu iliyofuata, siku yake ya mapumziko, Kornelia alipanda gari la Nanganga asubuhi. Alielekezwa shambani. Mikidadi alikuwa peke yake, ametandika turubai, anakung'uta ufuta. Alikuwa anachukua mganda mmoja mmoja, anaupindua, anaupiga kwa fimbo, na punje zinamwagika. Alipomwona Kornelia alifurahi kweli kweli. Alifuta mikono, akamtolea ndoo aikalie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Jiwe Jeusi? Njoo upande huu, nikusikie."

Kornelia alihamia kulia kwake. Hakukaa kwenye ile ndoo. Alikuwa amepanga maneno njiani, ya kuanzia mbali, ya kueleza wageni wa dirishani na glasi iliyovunjika. Yote yalimpotea.

"Mzee, siku ile sikukwambia. Yule binti aliniambia mimi, nikasahau. Sikukwambia neno lolote juu ya korosho. Nilidanganya."

Mikidadi alimsogezea sikio. Fimbo ilikuwa bado mkononi.

"Rudia."

"Sikukwambia. Nilisahau, kisha nikadanganya."

"Rudia tena."

Kornelia akarudia. Alijua kwamba mzee amesikia mara ya kwanza.

Mikidadi aliketi mwenyewe kwenye ile ndoo. Mkono wake ulikuwa juu ya sikio la kulia, amelifunika kama mtu anayelinda kitu kisipigwe na upepo. Alipoanza kuongea hakumtazama.

"Niliuliza ulisimama upande gani."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua kwa nini nauliza. Ni mimi niliyekwambia habari ya sikio. Ni wewe peke yako."

"Ndiyo, mzee."

"Miezi saba namwona yule binti. Nikifumba macho namwona, na sura yake hata siijui, maana sikutoka jikoni siku ile. Nimejitungia sura. Mwanangu anaolewa, nimekaa kwenye mkeka naogopa sufuria." Sauti ilimpanda. "Ungesema umesahau! Modest angekukaripia. Ungefukuzwa, haya, ungefukuzwa. Una miaka mingapi wewe? Ungepata kazi nyingine. Mimi umenifanya nisijiamini hata nikiambiwa chai tayari!"

Kornelia alipiga magoti pale kwenye majani makavu ya ufuta. Mikidadi akaona, akakasirika zaidi.

"Inuka. Usinipigie magoti hapa shambani ambapo hakuna mtu. Ulisema uongo mbele ya watu. Nenda kaseme na hili mbele ya watu." Akachukua mganda mwingine, akaupindua. "Sasa niache nimalize kazi."

Kornelia hakwenda nyumbani. Alirudi moja kwa moja mpaka ofisini kwa Bwana Modest, akamwambia. Modest alifunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mzee mwenyewe."

Modest alitembea huku na huku. Alikuwa amekasirika, lakini zaidi aliogopa. "Dada Kone, hili limeshapita. Binti mzima, mzee amepumzika. Tukilifukua sasa, mwenye hoteli ataniuliza mimi. Nenda kapumzike. Kesho uje kazini kama kawaida."

Huo ulikuwa mlango uliofunguliwa, na Kornelia alikiri kwangu kwamba aliutazama usiku kucha. Kesho yake alikwenda kazini. Kabla ya chakula cha mchana wahudumu na wapishi hukusanyika jikoni kuelezwa wageni wa siku hiyo, na msimamizi ndiye anayeongea. Kornelia alisoma orodha ya meza. Kisha, Modest akiwa amesimama mlangoni, alisema lililobaki, kutoka mwanzo mpaka mwisho, pamoja na habari ya sikio na jinsi alivyoitumia.

Amedeus, mhudumu mdogo kuliko wote, aliyefundishwa kukunja leso na Kornelia mwenyewe, akasema, "Dada Kone, yaani mzee wa watu…" akashindwa kumaliza, akatoka nje. Kornelia alivua beji yake akaiweka kando ya mbao ya kukatia nyama. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwambia abaki.

Ilikuwa bado Sabaha. Alikuwa ameolewa wiki chache tu baada ya mchana ule, na siku zile alikuwa kwa wazazi wake Nachingwea akisubiri kujifungua. Kornelia alimkuta uani, akapokelewa, akapewa maji. Alipomaliza kusema, Sabaha alipokea bilauri kutoka mkononi mwake.

"Niliwaza umesahau," akasema. "Ulipoitikia kwa kichwa ulikuwa unawaza mambo mengine, niliona. Ningeweza kukuita nikuulize tena. Niliona aibu. Mama mkwe alikuwa ananitazama." Akacheka bila furaha. "Sasa hivi mama mkwe ndiye anayeonja chakula changu kabla yangu. Ningemwambia tu."

"Kosa ni langu, mdogo wangu."

"Ni lako. Sijasema si lako." Kisha uso wake ukabadilika. "Mpishi ulisema yuko wapi?"

"Nanganga. Aliondolewa siku ile ile."

"Kwa ajili yangu? Baba alijua?" Aliinuka kwa shida, tumbo likimtangulia, akamwita baba yake kwa sauti ambayo Kornelia hakudhani anayo. Mzee Masoudi alitoka ndani, akaelezwa. Hakumsemesha Kornelia kabisa. Alimuuliza mwanawe swali moja tu, kama ana nguvu za safari ya gari, na kesho yake baba na binti walikwenda Nanganga. Walichoongea na Mikidadi Kornelia hakijui. Alisikia kwa watu kwamba walikaa mpaka jua likapinduka, na kwamba Fatu alipoinuka kwenda kupika chakula cha wageni, mzee alimwambia aketi. Akaingia jikoni mwenyewe.

Modest naye alikwenda, wiki mbili baadaye, wageni wa hoteli walipoanza kuulizana. Alimwomba mzee arudi. Mikidadi alitaka barua yenye muhuri inayosema hakuwa na kosa. Aliipata, akaikunja, akasema asante, na hakurudi. Siku hizi ana banda lake la chakula pale Nanganga, njia panda, na madereva wa malori wanajua wasimame saa ngapi.

Kornelia yuko Mnero. Anauza chai na chapati na wali maharage karibu na kituo cha afya, mahali ambapo mimi na wenzangu wa kituoni tunakula. Alikwenda kuungama, na Padri alimpa kitubio chepesi kuliko alivyotarajia, akarudi nyumbani akiona kama amepunjwa. Watu wa hapa wanajua habari yake kwa sababu aliisema mwenyewe. Wengine wanamheshimu kwa hilo. Wengine, wakiagiza, huagiza mara mbili.

Mwezi wa pili mwaka huu Mzee Mikidadi alikuja na mjukuu kituoni, mtoto alikuwa na homa. Baada ya dawa wakaja kukaa pale kwake. Nilikuwepo, nilikuwa nakunywa chai. Kornelia alimwona, akasimama na kitambaa mkononi, kisha akamsogelea upande wa kulia, akamwamkia.

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Nipe chai. Na mtoto mpe uji, usiwe wa moto sana."

Akampa. Mzee alikunywa taratibu, akamlisha mtoto, akamfuta mdomo. Kornelia alikuwa akizunguka zunguka karibu na ile meza, anapangusa mahali palipokwisha kupanguswa. Alikuwa na swali, kila mtu aliyekuwepo aliliona. Mikidadi alimaliza chai, akalipa, akamshika mjukuu mkono.

"Chai yako ina sukari nyingi mno," akamwambia. "Punguza."

Wakavuka barabara, mzee na mtoto, wakiwa wameshikana. Kornelia alisimama akiwatazama mpaka walipopanda gari. Kisha akaniuliza mimi, kama vile ninajua, mzee alikuwa na maana gani.

Nikamwambia pengine alikuwa na maana ya sukari.

Alichukua kikombe cha mzee, akakiosha, akakikausha, akakiweka pamoja na vingine.